Albamu mpya za roki na metali: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Tabora

Maswali haya yanatoka kwa watu wa Ng'ambo, Isevya na Cheyo, kwa wasomaji wa Urambo na Kigoma, na kwa wachache walioko Dar es Salaam wanaotaka kujua kwa nini nimeisifu albamu hii na kuiponda ile. Pale penye jambo la kujadili nimejibu kwa kirefu.

Tabora nani anasikiliza roki na metali?

Wapo. Kuna vijana waliosoma bweni wakarudi nyumbani na flashi iliyojaa nyimbo za wenzao. Kuna waliojifunza gitaa kanisani wakataka kujua linaweza kufika wapi. Na wapo wazee ambao hawajui jina la bendi hata moja ya metali, lakini ukiwawekea solo nzuri wanakaa kimya mpaka iishe.

Mji huu ndio uliotoa Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Aliyekua akisikia gitaa la solo likijibizana na ridhimu, besi ikipita chini yao, hana haja ya kufundishwa upya namna ya kusikiliza bendi. Anachotakiwa kuzoea ni mkwaruzo tu. Amplifaya inasukumwa kupita uwezo wake mpaka sauti inachanika, na mchaniko huo ndio unaotafutwa. Ukishauzoea unaanza kusikia yaliyomo ndani: nani ameshika rifu, yaani kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa, nani anapamba, dramu zinaingia wapi, nani amekosea.

Nasisitiza hili kwa sababu kuna wanaosema Mtanzania anayehakiki albamu ya Metallica anaiga Wazungu. Sikubaliani nao kabisa. Masikio yetu yamelelewa na magitaa, na yana haki ya kutoa hukumu.

Roki mbadala na metali zinatofautianaje?

Metali inajengwa juu ya rifu na uzito. Wengi wanaanzia hesabu kwa Black Sabbath wa Birmingham, Uingereza, na albamu yao ya kwanza ya Februari 1970. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani akiwa na miaka 17. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki vya kuvaa vidoleni, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimsumbue. Sauti ikashuka, ikawa nzito, na bendi nyingi zikafuata njia hiyo.

Roki mbadala ni jina la jumla la bendi zilizokwepa njia ya roki ya redioni tangu miaka ya 1980. Siku hizi mpaka huo umechakaa. Bendi kama Deftones wa Marekani wanaishi pande zote mbili na hakuna anayewauliza pasipoti.

Unatumia vigezo gani kuhukumu albamu?

Kikubwa kuliko vyote: lazima niweze kutaja mahali. Mtu akisema "albamu hii haina roho," hajanipa kitu cha kushika. Akisema kiitikio cha wimbo wa nne kinarudi tena na tena bila kuongeza chochote, naenda kusikiliza, halafu tunabishana tukiwa na ushahidi mbele yetu.

Nitoe mfano. Songs of a Lost World ya bendi ya The Cure ilitoka tarehe 1 Novemba 2024, ikiwa albamu yao ya kwanza baada ya miaka 16. Wimbo wa kwanza, "Alone", unakwenda zaidi ya dakika tatu kabla mwimbaji wao, Robert Smith, hajaimba neno. Nimeandikiwa na wasomaji waliokasirika: mbona haanzi? Rudia dakika hizo tatu ukizifuatilia. Dramu zinatembea taratibu, hazina haraka. Vinanda vinatandaza sauti pana juu yake. Gitaa linaingia na mkwaruzo wake, linapanda, linashuka, na kila mzunguko una kitu ambacho mzunguko uliopita haukuwa nacho. Sauti ya Smith inapofika, wewe tayari umo ndani ya huzuni yake na hana haja ya kukueleza. Urefu ule una kazi. Hilo ndilo ninalotafuta, si ufupi wala urefu wenyewe.

Kigezo kingine ni kama albamu imefanikiwa katika jambo ililolikusudia. Bendi ya Knocked Loose, kwenye albamu yao ya Mei 2024, wanamaliza nyimbo kumi kwa dakika 27 hivi. Hawakukusudia kubembeleza mtu, na kuwalaumu kwa kukosa nyimbo za taratibu ni kuwadai deni wasilokopa.

Mbona hutoi alama?

Tovuti ya uhakiki ya Pitchfork hutoa alama kuanzia 0.0 hadi 10. Nyingine, Metacritic, hukusanya maoni ya wahakiki wengi na kuyageuza kuwa wastani kati ya 0 na 100. Namba ni rahisi kusambaza, ila hazisemi kitu. Ukiambiwa albamu ina saba, saba hiyo ni ya magitaa, ya mashairi, au ya heshima kwa wazee?

Tena namba huzeeka vibaya. Albamu ya kwanza ya Black Sabbath ilirekodiwa karibu yote kwa siku moja, na jarida la Rolling Stone likaiponda mwaka huo huo wa 1970. Leo ndiyo msingi wa nyumba nzima. Uhakiki ulioandikwa kwa maneno unaweza kusomwa upya, tukaona mhakiki alisikia nini na alikosa nini. Namba haikuachii hata njia ya kuibishia.

From Zero ya Linkin Park ni nzuri kweli, au watu wanaisifu kwa sababu ya msiba?

Hili naulizwa kuliko yote, na ninaelewa kwa nini. Kwa waliosoma sekondari miaka ya 2000, sauti ya Chester Bennington ndiyo iliyowafungulia mlango wa muziki huu. Alifariki Julai 2017. Novemba 2024 bendi ikarudi na albamu hii, ikiwa na mwimbaji mpya, Emily Armstrong wa bendi ya Dead Sara, na mpiga dramu mpya, Colin Brittain. Wapo waliokasirika kabla hawajasikia hata wimbo mmoja.

Maoni yangu: ni albamu nzuri inayojizuia mno. Uzuri wake wa kwanza ni kwamba Armstrong hamuigi Chester. Kwenye "Heavy Is the Crown" anaachia mlio mmoja mrefu, na ukivaa hedifoni unasikia pumzi inavyokwisha huku sauti ikikataa kukatika. Ni dai la mtu anayejua anaimba mahali pa nani na hajaja kuomba msamaha. "Two Faced" nayo inarudisha mikwaruzo ya diski na rifu fupi fupi za albamu yao ya kwanza ya mwaka 2000, na inafanya hivyo kwa furaha.

Ila nyimbo 11 zinakwisha kwa dakika 32 hivi, na nyingi zinapita njia moja: Mike Shinoda, anayerap, kwenye vesi, Armstrong kwenye kiitikio, kelele katikati, kiitikio tena, kwaheri. Ukifika theluthi ya mwisho unajua kinachokuja kabla hakijaja. Mwimbaji wa uwezo ule alistahili wimbo mmoja mrefu wa kumwachia huru, na hakupewa.

Kuhusu msiba: kumkubali Armstrong si kumzika Chester mara ya pili. Nyimbo zake zipo, na zitaendelea kuwepo.

Ni kweli 72 Seasons ya Metallica ni ndefu kupita kiasi?

Ni kweli. Ilitoka Aprili 2023 ikiwa na nyimbo 12 na dakika 77. Misimu 72 ni miaka 18 ya kwanza ya maisha ya mtu, na mwimbaji wao, James Hetfield, anaandika kuhusu majeraha ya utoto kwa uwazi ninaouheshimu sana. Tatizo ni kwamba nyimbo kadhaa za katikati zina rifu mbili nzuri zilizorudiwa mpaka zikachoka. "Lux Æterna" inasema yote yake kwa dakika tatu na ushee, na inawaumbua jirani zake.

Cha kushangaza, wimbo mrefu kuliko wote ndio ninaoutetea. "Inamorata" ina dakika 11. Katikati magitaa yanaondoka, besi ya Robert Trujillo inabaki, na polepole wenzake wanarejea mmoja mmoja. Ningekata robo saa nzima ya albamu hii na nisingegusa hata sekunde ya wimbo huo.

Sleep Token ni metali au si metali?

Even in Arcadia ya Mei 2025 ilishika nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza, na tangu hapo sijapumzika na swali hili. Wanavaa vinyago, hawataji majina yao, na kwenye "Caramel" wanaanza na biti ya kuchezeka inayoelekea reggaeton kabla ya kumalizia kwa mayowe na magitaa mazito.

Kubishana kuhusu kabati la kuwaweka hakutusaidii. Swali lenye faida ni hili: sehemu hizo zimeshonwa au zimebandikwa? Kwenye "Caramel" zimeshonwa, kwa sababu mashairi yanalalamikia umaarufu unaomnyima mtu faragha, na ile hasira ya mwishoni imekuwa ikijikusanya tangu mwanzo chini ya biti laini. Kwenye nyimbo nyingine uzito unakuja kwa sababu zamu yake imefika tu. Anayeibeba albamu kwangu ni mpiga dramu wao. Msikilize yeye peke yake mara moja, usahau mwimbaji.

Na Private Music ya Deftones?

Inunue, ikopeshe, iwekee muda. Agosti 2025, kwa prodyuza Nick Raskulinecz, yule yule aliyewatengenezea albamu za 2010 na 2012. Magitaa mazito na sauti ya Chino Moreno inayoelea juu yake: wamefanya hivi miaka mingi, na hapa wamefanya vizuri sana. Ukiniuliza kasoro, hakuna jipya kubwa. Kwangu si kosa zito.

Wakongwe hawa wa miaka sabini si wapumzike?

Mwimbaji Rob Halford alikuwa na miaka 72 bendi yake, Judas Priest, ilipotoa Invincible Shield, Machi 2024. Sikiliza namna anavyopanda juu kwenye wimbo wa kwanza kabisa, halafu uniandikie tena.

Ile sauti ya kunguruma si kelele tu? Haiharibu koo?

Ni mbinu, na ina shule yake. Mngurumaji stadi hachani nyuzi za sauti. Hutumia mikunjo ya nyama iliyo juu ya nyuzi hizo pamoja na pumzi ya tumboni. Anayelazimisha kwa koo ataishia kupoteza sauti, kama anavyoipoteza mhubiri au mpiga debe asiyejua kupumua.

Kinachonihusu kama mhakiki ni kama sauti hiyo ina sababu ya kuwepo. Opeth wa Uswidi waliacha kunguruma kwenye albamu zao baada ya 2008, kisha Novemba 2024 wakairudisha kwenye The Last Will and Testament. Albamu nzima ni kisa cha usomaji wa wosia wa baba tajiri, na karibu nyimbo zote zimepewa namba za vifungu badala ya majina. Ukali wa mzee yule aliyekufa, anayeendelea kuwatawala watoto wake kwa karatasi, usingebebwa na sauti laini. Sisi tunaojua nyumba zinavyopasuka siku ya kugawana urithi tunaielewa vizuri albamu hii.

Muziki huu ni wa kishetani?

Naulizwa na akina mama, na wanastahili jibu la heshima. Zipo bendi zinazotumia picha za kishetani, nyingine kwa maonyesho tu, nyingine kwa kumaanisha. Na Norway miaka ya mwanzo ya 1990 kuna vijana wa metali walichoma makanisa kweli. Siwezi kuficha hilo.

Lakini huwezi kuhukumu muziki mzima kwa hao. Voice of Baceprot ni mabinti watatu wa Kiislamu kutoka Garut, Indonesia, wanaopiga metali wakiwa na hijabu zao. Walianza mwaka 2014 wakiwa wanafunzi, wakatoa albamu Retas mwaka 2023, na mwaka 2024 wakapanda jukwaa la tamasha la Glastonbury, Uingereza. Wanaimba kuhusu haki ya mwanamke kuachwa afanye lake, kuhusu vita, kuhusu mazingira. Mama yangu, soma mashairi ya anachosikiliza mwanao. Mkae mbishane naye juu ya maneno yaliyoandikwa, si juu ya rangi ya fulana.

Afrika ipo kwenye ramani hii?

Ipo tangu zamani, na watu wa Kigoma ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo. MV Liemba imewabeba watu miaka mingi kutoka Kigoma mpaka Mpulungu, na nchi unayoshukia huko Mpulungu, Zambia, ilikuwa na roki yake miaka ya 1970, inayoitwa Zamrock. WITCH ndio wakubwa wao. Magitaa yana mkwaruzo mzito, lakini mapigo ni ya kwao, na mtu aliyezoea ngoma za ukanda huu atajikuta anatikisa bega bila kuambiwa. Wengi wa kundi la asili wameshafariki. Emmanuel "Jagari" Chanda alibaki, na mwaka 2023 walitoa Zango, albamu yao ya kwanza baada ya takriban miaka 40. Sauti ya Jagari imezeeka na hawakuificha. Wameiweka mbele kabisa, na walifanya vyema.

Upande wa metali, Arka'n Asrafokor wa Lomé, Togo, walitoa Dzikkuh mwaka 2024. Wanaimba Kiewe pamoja na Kifaransa na Kiingereza, na ngoma zao za asili hazikuwekwa kama pambo la mwanzo wa wimbo: ndizo zinazoiambia rifu iende wapi. Hapo ndipo bendi nyingi zinaposhindwa.

Duma wa Nairobi ni habari nyingine. Albamu yao ya 2020, iliyotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ni metali iliyochanganywa na mashine za kelele mpaka hujui dramu ni zipi. Lebo hiyo hiyo ndiyo iliyoitangaza singeli ya Dar es Salaam nje ya nchi. Mtu aliyezoea singeli, yenye kasi ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, hatishwi na kasi ya Duma. Atakachotakiwa kuzoea ni giza lake. Mimi mwenyewe naipenda, ila siiweki usiku wa manane.

Unaposema albamu "imebanwa" unamaanisha nini?

Namaanisha kwamba waliomalizia rekodi wamepandisha kila kitu juu kiasi kwamba pasipo na kelele na penye kelele pamekuwa sawa. Ni kama mtu anayepayuka tangu asubuhi mpaka jioni: akipata dharura ya kweli hutajua.

Kisa maarufu ni Death Magnetic ya Metallica, 2008. Sauti ilisukumwa juu mpaka ikawa inapasuka, na mashabiki wakagundua kwamba nyimbo hizo hizo ndani ya mchezo wa Guitar Hero zilisikika safi zaidi, kwa sababu toleo lile halikubanwa vile. Nyimbo nzuri, rekodi mbovu. Ndiyo maana kwenye uhakiki wangu utakuta naandika habari za wimbo na habari za sauti kila moja mahali pake.

Bando langu dogo na nyumbani kuna sabufa tu. Nisikilizeje?

Tuanze na hesabu. Faili la ubora wa juu, kilobiti 320 kwa sekunde, linakula takriban megabaiti 2.4 kwa dakika. Albamu ya dakika 77 ni kama megabaiti 185. Ya dakika 27 ni kama 65. Pakua mara moja kwa bando la usiku kisha usikilize utakavyo, badala ya kuivuta upya kila siku. Ukishusha ubora sana, kitakachoharibika kwanza ni matoazi: yanakuwa na mluzi wa ajabu usiokuwemo kwenye rekodi, na wengine wanadhani bendi ndiyo mbovu.

Sasa sabufa. Nyingi mitaani zimepandishwa besi kwa ajili ya bongofleva. Metali ina dramu la mguu linalopigwa kwa pedali mbili, haraka haraka. Besi ikizidi, mapigo hayo yanaungana kuwa mngurumo mmoja na gitaa la besi linamezwa humo humo. Zungusha besi ishuke mpaka usikie kila pigo limesimama peke yake. Kama sabufa iko kwenye kona, isogeze, maana kuta za pembeni zinaongeza besi bila kuulizwa. Baada ya hapo vaa hedifoni urudie wimbo huo huo, utasikia magitaa mawili pale ulipodhani lipo moja.

Na usihukumu kwa spika ya simu. Hata mimi nikiwa safarini sifanyi hivyo.

Sijawahi kusikiliza metali kabisa. Nianze na ipi?

Kama unapenda nyimbo za huzuni, The Cure. Kama unapenda dansi la zamani, WITCH. Kama unapenda hip hop, Linkin Park. Absolute Elsewhere ya Blood Incantation, yenye nyimbo mbili tu ndefu, iache kwanza ingawa ni moja ya albamu bora za 2024. Iendee ukiwa umezoea.

Tuna bendi yetu hapa hapa. Utatuhakiki kwa upole kwa kuwa ni wa nyumbani?

Nitawahakiki kwa makini yale yale. Upole wa kinafiki umeua vipaji vingi kuliko ukali. Sitawalaumu kwa kukosa studio ya gharama, ila nitawalaumu kama gitaa halijatuniwa, kwa sababu kutuni ni bure. Tumeni kazi nzima, si wimbo mmoja. Tumeni faili halisi la WAV kama lipo, maana likipita kwenye WhatsApp kama wimbo wa kawaida huwa siwezi kujua alichokifanya prodyuza wenu. Na andikeni mashairi pembeni, hasa kama mnanguruma.